Sahihi Yangu kwenye Kisima cha Nduta

Desemba 2015 nilikuwa meneja wa mradi wa maji katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, wilayani Kibondo, mkoani Kigoma, nikiwa mwajiriwa wa shirika moja la kimataifa. Kambi ilikuwa imefunguliwa upya Oktoba mwaka huohuo. Warundi walianza kukimbia Aprili, pale Rais Nkurunziza alipopitishwa kugombea muhula wa tatu. Kufikia Mei maelfu walikuwa wamesongamana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikawakuta hapohapo huku meli ya MV Liemba ikiwasomba kuwaleta Kigoma mjini. Wakapelekwa Nyarugusu, kambi iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na Nyarugusu ilipofurika ndipo Nduta ikafunguliwa. Kila mtu wa maji niliyefanya naye kazi mwaka ule alikuwa na Kagunga kichwani.

Majukumu yangu yalijaza kurasa: mpango kazi, bajeti, ajira, manunuzi, ripoti za robo mwaka kwa mfadhili, vikao vya uratibu na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na mkuu wa kambi. Lakini zito kuliko yote lilikuwa sahihi. Mhasibu halipi ankara ya mkandarasi mpaka meneja wa mradi aandike kwamba kazi imekamilika na imekaguliwa. Akishaandika, hela imetoka, na kisima kimeingia kwenye hesabu za kambi nzima.

Hesabu zenyewe ni hizi. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, na bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250. Kisima kinachotoa lita 2 kwa sekunde, pampu ikifanya kazi saa kumi kwa siku, kinatoa lita 72,000. Hao ni watu 4,800. Kikitoa lita 1 tu, ni watu 2,400. Kosa la lita moja kwenye karatasi linawaacha watu 2,400 wakipanga madumu kwenye bomba kavu, na mwenye dumu tupu huenda mtoni.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya mwaka kuisha msimamizi wa mkandarasi alipoingia ofisini na jalada. Kisima kimekwisha, jaribio la kusukuma maji la saa 24 limefanyika, kinatoa lita 2 kwa sekunde.

"Madamu, ni sahihi yako tu hapo chini," akasema. "Hela ya mfadhili inafungwa tarehe 31, unajua mwenyewe."

Nilijua. Nikamwomba aniachie jalada.

Jedwali la vipimo lilikuwa safi mno. Maji ya kisima yanaposukumwa hushuka haraka saa za mwanzo, kisha hushuka polepole, na mara nyingine huruka ghafla yakikuta tabaka jingine la mwamba. Kwenye jedwali lile yalishuka sentimita zilezile kila saa, mchana na usiku, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja. Na ukurasa wa kupima maji yanavyorudi baada ya pampu kuzimwa haukuwepo kabisa. Nikaenda getini kwa askari wa kambi, nikaomba kuona daftari la magari. Lori lililobeba jenereta la jaribio liliingia asubuhi na kutoka kabla ya jua kuzama, siku hiyohiyo. Mzee aliyekuwa akilinda eneo la kisima akathibitisha: usiku ule palikuwa kimya.

Jioni nikapigiwa simu kutoka ofisi yetu kuu ya nchi. Aliyekuwa juu yangu hakuwa mtu mbaya; alikuwa na mfadhili shingoni. "Dada yangu, saini tumalize mwaka. Kasoro tutarekebisha Januari. Hela ikirudi kwa mfadhili, hao wakimbizi wanapata nini?" Hoja yake ilikuwa na uzito, maana hela isiyotumika kwa wakati hurudi kweli, na mwaka unaofuata mfadhili hupunguza. Nikamwambia, "Kaka, nitamwandikia mfadhili leo kuomba tuongezewe muda bila kuongezewa fedha. Jaribio linarudiwa kesho kwa gharama ya mkandarasi, nami nitakuwepo. Kwa karatasi hizi sisaini." Akanyamaza, kisha akasema nimtumie barua aisome kabla haijatoka. Nilimheshimu kwa hilo.

Kesho yake saa tatu asubuhi jenereta likawashwa. Mpimaji wetu alikuwa mkimbizi, fundi wa maji wa miaka mingi huko kwao Burundi, ambaye kambini alikuwa akilipwa posho ndogo. Alipiga magoti mdomoni mwa kisima akiteremsha utepe wa kupimia kina. Ncha yake ikigusa maji, kifaa kinalia. Kabla ya kuanza, maji yalikuwa mita 18 chini. Mimi nilishika saa kwenye bomba la kutolea: ndoo ya lita 20 ikajaa kwa sekunde 10. Lita 2 kwa sekunde, kama walivyoandika. Msimamizi akatabasamu.

Mchana mvua ikanyesha, tukajifunika turubai. Saa kumi jioni maji yalikuwa mita 37. Yule fundi hakusema kitu, akaandika tu, kisha akaweka mstari chini ya namba. Saa moja usiku, mita 46. Pampu yenyewe ilikuwa imeshushwa kwenye kina cha mita 52. Ilipokaribia saa tatu bomba likaanza kukohoa, likitema maji na hewa, na ndoo ileile sasa ilichukua karibu nusu dakika kujaa.

"Mama, tuzime," fundi akaniambia. "Tukiendelea tunaua pampu."

Tukazima. Tukapima maji yanavyorudi, kila dakika mwanzoni, halafu kila dakika kumi, kwa tochi, mpaka tukapata ule ukurasa uliokosekana. Msimamizi alikuwa ameketi kwenye gari lake, hakutoka. Maji yaliporejea tulianza upya kwa lita 1 kwa sekunde, na safari hii yalishuka mpaka kina fulani yakatulia hapo, saa zote 24. Kisima kilikuwa kizuri. Kilikuwa cha lita 1.

Nikaandika cheti kwa lita 1. Mita zilizochimbwa na mabomba yaliyoshushwa vilikuwa halali, vikalipwa. Malipo ya jaribio la kwanza nikayakata, na ripoti ya getini nikaiambatisha kwenye jalada ili mkaguzi wa hesabu asihitaji kuniuliza. Mfadhili alikubali kutuongezea muda. Barua yake ilikuwa kavu, yenye maswali mengi, na yote yalistahili kuulizwa.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Nilikuwa nimeshawaeleza viongozi wa zoni kwamba kisima kile kitawatosha wote. Sikutaka walisikie la kupungua kutoka kwa mtu mwingine, kwa hiyo nikaenda mwenyewe, tukakaa chini ya mti, fundi wetu akitafsiri kwa Kirundi. Nikawachorea hesabu ardhini kwa kijiti: ndoo, sekunde, watu. Bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, na sisi wa mwisho kule?" Nikamwambia magari ya maji yataendelea kuja kwao mpaka tupate kisima cha pili, na kwamba hela ya dizeli nimeihamisha kutoka kwenye kifungu cha semina na safari za wafanyakazi. Akataka kujua gari litasimama wapi. Nikataja shuleni. Wakakataa, wakasema pale watoto watasukumwa na watu wazima, lisimame karibu na zahanati ambako kuna mtu wa kusimamia foleni. Wakabishana kwa muda mrefu, wakakubaliana zahanati, nikabadilisha ratiba ya madereva jioni ileile.