Raoul Peck, Lumumba na kurasa za Baldwin

Wadogo zangu wanaosomea filamu huko nyumbani huniuliza kwa nini, tangu nihamie Berlin, jina la mtengenezaji filamu Raoul Peck halinitoki mdomoni. Ni kwa sababu jinsi anavyofanya kazi inatufaa sana sisi wenye fasihi kubwa lakini filamu chache zinazoisimulia.

Peck alizaliwa Port-au-Prince, Haiti, mwaka 1953. Familia yake ilikimbia udikteta wa Duvalier, naye akiwa na miaka minane akajikuta Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Kongo ilikuwa imetoka kupata uhuru na ilihitaji wataalamu wanaojua Kifaransa. Baadaye alisoma Ufaransa, kisha hapa Berlin: uhandisi kwanza, halafu chuo cha filamu, akahitimu mwaka 1988. Aliwahi hata kuwa waziri wa utamaduni wa Haiti.

Filamu yake ya makala kuhusu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndiyo iliyonishika. Alitaka kwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kupiga picha, akaonywa kwamba makachero wa rais Mobutu wanamfuatilia. Akabaki Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji iliyoitawala Kongo. Kamera ikawafuata wapita njia waliojifunika makoti mazito, huku sauti yake ikisimulia aliyoyasikia kwa mama yake, ambaye alikuwa karani katika ofisi ya meya wa Léopoldville. Pale picha zilipokosekana, maneno ya mama yakashika nafasi. Nikiwa huku, mbali na mama yangu, filamu ile ilinigusa kuliko ninavyoweza kueleza.

Kisha akamgeukia James Baldwin, mwandishi Mmarekani mweusi. Mwandishi huyo alifariki mwaka 1987 akiacha mswada ambao hakuumaliza, kuhusu rafiki zake watatu, wapigania haki za Wamarekani weusi, waliouawa: Medgar Evers mwaka 1963, Malcolm X mwaka 1965 na Martin Luther King mwaka 1968. Kurasa zake zilikuwa kama 30 tu. Dada yake Baldwin, Gloria Karefa-Smart, alimfungulia Peck milango ya nyaraka za familia na kumkabidhi kurasa zile. Kazi ilichukua takriban miaka kumi. Filamu iliyotokana na kurasa hizo, I Am Not Your Negro, ilipotoka mwaka 2016, haikuwa na profesa hata mmoja aliyekalishwa mbele ya kamera kutueleza Baldwin alikuwa nani. Simulizi yote ni maneno ya Baldwin mwenyewe, yakisomwa na mwigizaji Samuel L. Jackson. Kwangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika kazi yake: kumwacha mwandishi azungumze.

Nikiwaza hayo, namkumbuka Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga wa enzi za vita kati ya Mazrui, watawala wa Mombasa, na masultani wa Busaidi. Mashairi yake yaliokolewa na Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya kwa wazee na kushirikiana na mmisionari William Taylor kuyaandika. Karatasi hizo ziko London, katika maktaba ya chuo kikuu cha SOAS. Mashairi yapo, nyaraka zipo, na Mji wa Kale wa Mombasa bado umesimama; filamu kama ya Peck inaweza kutengenezwa.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kabla ya kutafuta kamera ya bei kubwa, nendeni kwa wazee wenye mashairi kichwani mkawarekodi sasa. Kibali cha familia kiandikwe mapema. Halafu iandikieni maktaba. Atakayehitaji mtu wa kwenda London kuzikagua zile karatasi, mimi niko tayari kupanda treni.