"Dada, Hali Hii Ilianza Lini?"

Kwa takribani mwaka mmoja na nusu nilikuwa nikikaa mbele ya kompyuta ofisini, taarifa ya benki ikiwa kushoto kwangu na daftari la fedha kulia, na kila nilipofika mstari wa kumi nilijikuta sikumbuki ule wa tisa ulisema nini. Mimi ni mhasibu katika kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, na kazi ya kufunga hesabu za mwezi, ambayo zamani niliimaliza kwa siku tatu, ilifikia kuchukua siku tisa. Nilisahau kikao nilichokiitisha mwenyewe, na mara mbili niliandaa malipo ya ankara ambayo ilikwisha kulipwa. Kosa la pili lilinifikisha kwa mkuu wangu wa idara, ambaye aliniuliza kwa upole kama nyumbani kulikuwa na tatizo. Nilimjibu kwamba hakuna.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kujipa jibu. Nilikuwa nimetazama video nyingi za watu wazima wakieleza maisha yao na ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini ambayo kwa baadhi ya watu huambatana na utukutu na kutenda kwa pupa, na kila dalili waliyoitaja niliiona kwangu. Nikajaza dodoso fupi la maswali sita, ambalo ni sehemu ya kwanza ya dodoso la watu wazima la Shirika la Afya Duniani, na majibu yangu manne yakaangukia upande wa dalili. Sikuzingatia kwamba dodoso hilo humwelekeza mtu akachunguzwe tu, wala halithibitishi ugonjwa.

Daktari wa afya ya akili niliyemwendea hakulidharau, na kwa hilo ninamshukuru hadi leo. Alilisoma lote, kisha akauliza, "Dada, hali hii ilianza lini?" Nilipomjibu kwamba ilianza mwaka uliotangulia, alinieleza kuwa kwa mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, mtu mzima hutakiwa kuwa na dalili zisizopungua tano kati ya tisa za kundi moja, liwe la upungufu wa umakini au la utukutu na pupa, zilizodumu angalau miezi sita na kuonekana katika mazingira zaidi ya moja, na baadhi yake ziwe zilikuwapo kabla hajatimiza miaka 12. Aliongeza kwamba wapo wengi, hasa wanawake, wanaogunduliwa ukubwani kwa sababu utotoni walikuwa wakimya na hakuna aliyewashuku. Kwa hiyo hakutaka kutegemea kumbukumbu zangu peke yake, akaniomba nimuulize mama na nitafute ripoti zangu za shule ya msingi.

Mama, ambaye yuko Muheza, alishangaa niliposimulia. "Wewe mwanangu? Ulikuwa unamaliza kazi za shule kabla sijaepua chungu, kisha unakaa kumfundisha mdogo wako." Ripoti za darasa la tatu hadi la saba alikuwa amezihifadhi sandukuni, na hapakuwa na mwalimu hata mmoja aliyelalamikia utulivu wangu.

Ndipo daktari akaulizia mambo ambayo sikuwahi kuyahusisha na kazi yangu. Nilikuwa nikilala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri ili niiwahi foleni ya kutoka Kibaha. Hedhi yangu ilikuwa ikichukua siku nane, nzito, nami niliichukulia kuwa ndiyo maumbile yangu. Vipimo vilionyesha wingi wa damu wa gramu 8.6 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 12. Daktari wa magonjwa ya wanawake akakuta uvimbe kwenye kizazi, ambao sasa unatibiwa. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, nikaelekezwa nivimeze kwa maji ya machungwa na niviweke mbali na chai, kwa kuwa chai huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri. Nami nilikuwa nikinywa chai kila mlo.

Umakini haukurudi kwa wiki moja. Nilianza kuona tofauti mnamo wiki ya sita, na sidhani vidonge peke yake vingetosha kama nisingehamishia muda wa kulala saa tatu na nusu usiku, uamuzi uliotaka mazungumzo marefu na mume wangu kuhusu nani aandae watoto. Kazini ninafungia simu kwenye droo hadi saa nne asubuhi, na ulinganishi wa benki ninaufanya saa hizo tu.

Mwenzangu wa meza ya jirani, niliyemsimulia haya, alikwenda kwa daktari huyohuyo. Mama yake alikuwa na habari tofauti kabisa za utoto wake, na leo anatibiwa ADHD.

Mwezi uliopita nilifunga hesabu kwa siku nne, na damu imefikia 11.7. Daktari hajalifunga faili langu: amesema damu ikishakaa sawa na usingizi ukawa wa kutosha kwa miezi sita, kisha bado nikawa ninapotea kwenye mstari wa kumi, tutalijaza dodoso upya na kuanza mwanzo.