Shosho na miti ya Arboretum

Nimeishi Nairobi miaka tisa na Arboretum, ile bustani ya miti, nimeenda mara nyingi sana, lakini nilikuwa naenda vile wengi wetu huenda, unatandika leso kwa nyasi, mnapiga picha, mnakula, mnarudi tao. Miti ilikuwa tu kivuli. Alhamisi iliyopita nikampeleka shosho, alikuwa amekuja kuonwa magoti, na aki hiyo miaka yote sikuwa nimeona kitu.

Juu ya hayo magoti tulikuwa tunasimama karibu kila mti. Mingi ina vibao vya majina ya kisayansi, mimi nasoma Prunus africana napita, yeye anashika gome, anainua kichwa kuangalia majani, anasema, "Huu ni muiri." Akaokota jani akalifikicha akaninusisha, nikapata ile harufu ya almondi wanayoweka kwa keki! Akaniambia kwao walichemsha gome mtu akiumwa na tumbo. Usiku nikasoma, kumbe hilo gome hupelekwa hadi Ulaya kutengeneza dawa ya tezi dume, na miti imechunwa ikafa kwa wingi mpaka tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa kimataifa.

Mbele kidogo kulikuwa na mukinduri. Huo uko kwa barabara nyingi hapa Nairobi, nimeupita maisha yangu yote, na sikuwahi jua ukigeuza jani upande wa chini linang'aa kama fedha.

Hiyo Arboretum ilianza 1907, wakoloni walikuwa wanatafuta miti inayokua haraka sababu gari moshi lilikuwa linakula kuni vibaya sana, so wakaleta miti kutoka Australia na kwingine wakapanda kuona gani itakubali udongo wetu, na ndio maana leo kwa hekta kama 30 tu unapata aina zaidi ya 350, za huku na za mbali zikiwa pamoja. Shosho mikaratusi haipendi kabisa, anasema wao waliipanda kando ya mto na mto ukapungua. Alisimama chini ya mmoja mrefu akauangalia muda, hakusema neno, tukaenda.

Kama utampeleka mzee wako, nenda siku ya wiki asubuhi. Wikendi kumejaa, kuna watu wanaomba kwa sauti huku na vikundi vinafanya mazoezi kule, ni sawa lakini huwezi sikia mtu akikuelezea kitu polepole. Maji beba kwa chupa ya chuma, zile za plastiki za kutupa haziruhusiwi kwa misitu ya serikali tangu Juni 2020. Na chakula kiache ndani ya begi, kima wa pale ni wepesi sana, mmoja alichukua mandazi yetu mawili mkononi mwa shosho na akapanda juu nayo.

Sahii anataka Karura, amesikia ndiko Wangari Maathai alipigwa 1999 akizuia msitu usigawanywe. Ni zaidi ya hekta 1,000, kwa hiyo tunangoja kwanza magoti. Jana amenipigia simu kuniuliza kama nimeona muiri wowote karibu na kwangu. Nimeupata mmoja, uko nyuma ya stage.