Dakota ya alumini tupu na lori lake: nilivyozijenga kwa 1/72 hapa Arusha

Alumini haifichi kasoro. Ukiipaka modeli kijani cha jeshi, mikwaruzo ya msasa na mshono uliojazwa vibaya humezwa na rangi. Ukiipaka rangi ya bati jipya, kila kosa linaonekana hata ukiwa mlangoni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni maandalizi na rangi. Kugundisha vipande ni kazi ya jioni mbili tatu tu.

Ndege yenyewe ni Douglas DC-3, ambayo wengi tunaiita Dakota, katika mavazi ya East African Airways, shirika lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika 1977. DC-3 iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Kabla ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kufunguliwa mwaka 1971, ndege za umbo hili, zenye matairi manene mbele na kigurudumu mkiani, ndizo zilizofaa viwanja vya nyasi na changarawe. Ni ndege ya kazi, ndugu wa lori, na ndiyo sababu sikutaka isimame peke yake. Pembeni yake niliweka Bedford TJ, lori la boneti lililoanza kuundwa 1958, lenye bodi ya mbao.

Kipimo cha 1/72 kinatosha meza ya kawaida. Mabawa ya mita 29 yanakuwa sentimita 40, urefu wa mita 19.7 unakuwa sentimita 27 na ushee, na propela ya mita 3.5 inakuwa milimita 49. Andika hesabu hizi ukutani kabla ya kushika wembe. Kila unapotilia shaka kipande, kipime kwa rula ya milimita na ukizidishe kwa 72.

Boksi za vipande vya modeli za Airfix na Italeri za kipimo hiki ni za C-47, yaani Dakota ya mizigo ya jeshi, yenye mlango mpana upande wa kushoto nyuma. Usikimbilie kuuziba. Dakota nyingi za abiria baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa C-47 zilizobadilishwa, na mlango mpana ulibaki. Chagua picha moja ya ndege moja, ya mwaka unaojulikana, uifuate hiyo mpaka mwisho. Kinachoharibu modeli nyingi za ndege za huku ni kuchanganya miaka, hasa kwenye herufi za usajili: kabla ya uhuru ndege zilizosajiliwa Tanganyika zilianza na VR-T, za Kenya VP-K na za Uganda VP-U. 5H, 5Y na 5X zilikuja baadaye. Ukiandika 5H kwenye Dakota ya 1955, hata bawa lililonyooka namna gani halitakuokoa.

Gundi ya plastiki huku haipatikani kirahisi, nami niliitengeneza. Katakata fremu iliyobaki baada ya kutoa vipande, jaza robo ya chupa ndogo ya kioo, mimina thina ya rangi za magari mpaka ifunike, funga, acha usiku kucha. Ikiwa nyepesi kama maziwa ni gundi. Ikiwa nzito kama asali ni puti ya kujazia mishono. Faida yake ni kwamba ikikauka inakuwa plastiki ileile, msasa unaila sawa na eneo linaloizunguka. Puti ya bodi za magari ni ngumu kuliko plastiki, kwa hiyo ukisugua, plastiki inaisha kwanza na mshono unabaki kama kovu. Ubaya wa hii ya chupa ni kusinyaa. Paka tabaka jembamba, subiri siku nzima, rudia. Ukijaza ufa wote kwa mkupuo mmoja, ndani hubaki laini, na wiki mbili baadaye mstari unazama chini ya rangi iliyokwisha kung'aa.

Thina ni sumu na inashika moto. Dirisha wazi, mbali na jiko.

Bawa la Dakota halipandi lote. Kipande cha katikati, chenye injini, kimelala sawa. Mabawa ya nje ndiyo yanayopanda kuelekea ncha. Kata kiolezo cha kadibodi ngumu kutoka kwenye mchoro wa mbele, panga mabawa juu yake na yashike kwa tepu ya karatasi mpaka kesho yake. Kosa la milimita mbili kwenye ncha linaonekana, kwa sababu jicho linalinganisha ncha mbili kwa wakati mmoja. Jambo jema ni kwamba Dakota huketi kwa mkia, hivyo huhitaji uzito puani. Ukijenga Twin Otter, yenye gurudumu la mbele, weka risasi za ndoano za kuvulia puani kabla ya kufunga kiwiliwili, la sivyo itaketi matako kila ukiiweka mezani.

Vioo vya mbele usiviguse na supagluu. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiotoka. Nilitumia gundi nyeupe ya mbao, ambayo pia inatosha kutengeneza madirisha ya abiria: chovya kijiti cha meno, zungusha kwenye ukingo wa tundu, vuta utando mpaka tundu lizibe. Ni jeupe mwanzoni, kesho yake linaangaza. Lakini madirisha haya fanya mwisho kabisa, baada ya rangi.

Sasa msasa. Nilianza na wa maji namba 400 kwenye mishono tu, kisha 800, 1200 na 2000 kwa ndege nzima, kila mara kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 400 haiondolewi na 1200, inang'arishwa tu, na alumini itaionyesha. Malizia kwa dawa nyeupe ya meno kwenye kitambaa cha pamba, osha, kausha, na kuanzia hapo usiishike kwa mikono mitupu. Mafuta ya vidole yanaizuia rangi kushika. Nilichomeka kijiti cha mishikaki kwenye kila tundu la injini, nikaishika ndege kwa vijiti hivyo mpaka rangi ilipokwisha.

Kwa brashi ya hewa tatizo la hapa ni umeme kukatika katikati ya koti, yaani tabaka la rangi. Suluhisho langu lilikuwa tairi la spea. Fundi pancha analijaza psi 35 (usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi), unaunganisha mpira kwenye valvu, katikati unaweka rigyuleta na kichujio cha maji. Kichujio si anasa: upepo wa kompresa ya barabarani unabeba maji na mafuta, na tone moja likifika kwenye alumini linaacha jicho la samaki, yaani shimo la duara ambalo rangi imelikimbia. Nilipulizia kwa psi 18. Tairi likishuka chini ya 15 rangi inaanza kutema matone, kwa hiyo simama mapema, ukajaze tena.

Rangi nilinunua maduka ya rangi za magari: makopo mawili ya kupuliza, nyeusi ya kung'aa na fedha yenye chembe ndogo kabisa. Makopo haya yana thina kali inayoweza kuyeyusha plastiki, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu. Ili kuidhibiti niliihamishia kwenye chupa. Fungia mrija wa soda kwenye pua ya kopo, puliza polepole ndani ya chupa, kisha funika bila kukaza na uiache saa tatu au nne. Gesi iliyoyeyuka ndani ya rangi inaendelea kutoka. Ukikaza kifuniko, chupa inaweza kupasuka.

Kwanza praima ya kijivu, koti jembamba la ukungu lililo karibu kavu kabla halijagusa plastiki. Hilo ndilo ngao dhidi ya thina. Kama ndege uliyochagua ina paa jeupe, kama zilivyokuwa ndege nyingi za nchi za joto, paka jeupe sasa na ulifunike kwa tepu, kwa sababu nyeupe juu ya alumini inataka makoti mengi, na tepu juu ya alumini huing'oa. Kisha nyeusi ya kung'aa, makoti matatu, dakika kumi kumi. Nyeusi ndiyo inayoamua. Ikikauka kama kioo, alumini itakuwa kioo. Ikikauka kama ganda la chungwa, utapata ganda la chungwa la fedha. Kwa miezi ya joto niliipa saa 48. Juni na Julai, baridi ya Arusha ikiwa imeshika, ipe siku nne. Kipimo changu ni pua: ikinuka thina bado haijakauka. Siku za masika usipake kabisa. Unyevu unanaswa ndani ya rangi na kuigeuza nyeupe kama maziwa.

Alumini hupakwa nyembamba kuliko unavyodhani, kwa umbali wa sentimita 10 hadi 12, makoti mawili yanayopita haraka. Weusi ukionekana kwa mbali chini yake, acha. Ndio unaotoa kina cha bati. Ukiongeza koti la tatu unapata kijivu cha mlango wa geti. Baada ya siku moja niliziba baadhi ya mabati ya bawa na kiwiliwili kwa tepu niliyoibandika kwanza kwenye suruali mara tatu ili ipungue nguvu, nikaongeza tone moja la nyeusi kwenye mililita 5 za fedha (bomba la sindano la duka la dawa linapima vizuri), nikapuliza. Mengine nikayapa tone la nyeupe. Tofauti iwe ndogo kiasi kwamba mtu anaihisi kabla hajaitambua.

Kuna jambo wajenzi wengi hulipita. Kwenye Dakota, usukani wa mkia, vibawa vya kupandisha na kushusha pua, na vile vya ncha za mabawa vilivaa kitambaa. Kitambaa hakiwezi kung'aa kama bati. Sehemu hizo nilizipaka fedha iliyochanganywa na kijivu, isiyo na mng'ao, na hapo ndipo modeli ilipoacha kufanana na kichezeo. Flapu, yaani vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, ni za bati. Hizo ziache zing'ae.

Herufi na mistari nilichapa kwenye karatasi ya dekali (picha nyembamba zinazolowekwa majini na kuhamishiwa kwenye modeli) kwa printa ya leza ya stesheneri. Ya wino inayeyuka kwenye maji usipoipulizia vanishi kwanza. Printa haichapi nyeupe, kwa hiyo panga miundo yako kwa kujua hilo. Dekali ikikataa kulala juu ya ribiti, pakaza siki kidogo kwa brashi laini, usiiguse tena. Vanishi juu ya ndege nzima sikupaka, maana inaua mng'ao wote. Niliweka kwenye dekali tu.

Bedford nililijenga kutoka mwanzo. Vipimo nilivichukua kwa futi ya kamba kwenye lori halisi gerejini, nikagawanya kwa 72. Tairi la 8.25-20, lenye kipenyo cha karibu milimita 970, linakuwa milimita 13.5. Plastiki nzuri ipo bure ukijua kusoma alama: tafuta pembetatu yenye namba 6 chini ya kikombe au kifuniko. Hiyo ni polistirini, inashika gundi ya chupa. Namba 5 na namba 2 hazishiki, utapoteza muda. Kasha gumu la CD pia ni polistirini, nalo lilinipa vioo vya kabini.

Bodi ya mbao ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Vijiti vya aiskrimu vina unene wa milimita 2, ambayo kwa kipimo hiki ni ubao wa sentimita 14, hakuna lori lenye ubao huo. Ubao wa milimita 25 unatakiwa uwe milimita 0.35. Unene huo unapatikana sakafuni kwa fundi seremala: vinyolea vya randa. Chagua virefu, vilowanishe, vipige pasi juu ya kitambaa, vikate kwa upana wa milimita 2 au 3, na una mbao halisi zenye nyuzi zake.

Mwisho ni vumbi. Chota udongo wa pale unapotaka ndege isimame, ukaushe juani, utwange, uchuje kwa soksi ya nailoni mara mbili. Chembe ya nusu milimita iliyopita kwa bahati mbaya ni jiwe la sentimita 3.6 kwenye uwanja wako. Kwa brashi kavu, pakaza kwenye matairi, tumbo la bawa nyuma ya magurudumu, na ncha ya mkia, ambako upepo wa propela hurusha vumbi. Nyuma ya injini chora michirizi ya mafuta kwa rangi ya kahawia nyeusi iliyozimuliwa sana, ikifuata mkondo wa hewa kuelekea nyuma. Lori lipate vumbi zaidi ya ndege, mpaka kwenye boneti, na wiper ziache nusu duara mbili safi kwenye kioo.