Tulivyowapata watoto, na wazazi wao, kwenye bustani ya jamii

Bustani yetu ya jamii haikukosa wanachama, ila karibu wote walikuwa watu wazima wasio na watoto wadogo nyumbani. Wenye watoto walikuwa wakichungulia getini, kisha wanakwenda zao. Nilipokabidhiwa jukumu la kuwavuta, nilishikilia jambo moja ambalo bado naliamini kwa moyo wote: mtoto apewe kazi ya kweli. Ukimtengea kona ya kuchezea ili asiwasumbue wakubwa, ataichoka upesi na kumsumbua mama yake waondoke.

Kazi ya kweli inataka vifaa vinavyolingana na mwili wake. Lita moja ya maji ni kilo nzima, kwa hiyo ndoo ya lita 10 humwelemea hata mtoto wa miaka tisa. Tulichukua chupa za plastiki za lita moja, tukatoboa vifuniko kwa msumari, na umwagiliaji wa miche ukawa mikononi mwao. Matuta nayo tuliyapunguza. Tuta la sentimita 120 mtu mzima hufikia katikati yake bila shida, lakini mtoto hulazimika kulikanyaga. Ya watoto tuliyafanya ya sentimita 60, tukapanga matofali kando ya njia. Wazee waliokuwa wakilalamika kwamba miche inavunjwa walitulia, na baadhi yao ndio waliokuja kuwa walimu wazuri kuliko mimi.

Mbegu tulizichagua kwa vidole vyao na kwa subira yao. Maharage, maboga na alizeti zina mbegu kubwa zinazoshikika. Figili nazipenda kuliko zote kwa kazi hii: huchipua ndani ya wiki moja, na aina za haraka huvunwa baada ya wiki nne hivi. Karoti waliachiwa wakubwa, maana mbegu zake ni ndogo mno na zinaweza kukaa ardhini wiki tatu kabla ya kujitokeza.

Hata hivyo watoto hufukua. Wanataka kujua huko chini kunaendelea nini, na mimi naona wana haki ya kujua. Kwa hiyo kila aliyepanda maharage alipewa pia punje ya kuweka kwenye chupa ya kioo, kati ya ukuta wa chupa na karatasi iliyolowa maji. Mzizi hutangulia na kuelekea chini. Msichana mmoja aliilaza chupa yake ubavuni, akarudi baada ya siku kadhaa na kukuta mzizi umejikunja upya kufuata chini. Alimwita baba yake aje aone. Baba huyo alikuwa na desturi ya kusubiri nje akiangalia simu. Siku hiyo alichuchumaa kando ya chupa, na baadaye akauliza jembe liko wapi.

Wazazi ndio waliotaka mpango zaidi. Tuliamua kwamba tuta haliandikwi jina la mtoto, linaandikwa jina la kaya, na mtoto haingii bila mkubwa wake. Hapo bibi na babu wakapata nafasi, kwa kuwa wengi wao wamelima maisha yao yote na hakuna aliyewahi kuwauliza chochote. Vipindi vilikuwa vya saa moja, asubuhi kabla ya jua kali, karibu na kivuli, maji ya kunywa na choo. Usiyapuuze hayo matatu: familia yenye mtoto mchanga haikai mahali pasipo na choo. Na mavuno ya tuta hubebwa nyumbani siku hiyohiyo, yawe kiganja kimoja tu.

Usalama tuliushughulikia kabla ya kumkaribisha yeyote. Tuling'oa mbarika uliojiotea ukutani, kwa sababu mbegu zake zenye madoa humvutia mtoto na zina sumu kali. Hatukupulizia dawa za wadudu kwenye matuta yao, mapanga yalifungiwa stoo, na kila aliyeshika udongo au samadi alinawa kwa sabuni kabla ya kula.

Vijana wa miaka 13 na kuendelea hawakutaka kukaa na wadogo, na siwalaumu. Tuliwakabidhi lundo la mboji: wao hulipima joto katikati, hulipindua, na ndio wanaoamua lini limeiva. Lundo lililochangamka hufika nyuzi 55 na zaidi, na kuona mvuke ukitoka asubuhi ya baridi kuliwaleta hata wenzao ambao hawakuwa wameandikishwa.

Kinachotusumbua bado ni likizo, familia zinaposafiri na matuta kukauka. Kwa sasa kila kaya ina kaya jirani inayoimwagilia, majina yamebandikwa getini, na matandazo ya nyasi kavu huwekwa mapema ili unyevu usipotee. Vijana wa mboji wameomba zamu hizo wazishike wao, na kikao kijacho ndicho kitakachowajibu.