Marumaru ya Wagiriki ilichimbwa wapi?

Siku hizi ukitaja marumaru, fundi hukuuliza unataka vigae vya ukubwa gani. Neno lenyewe lilitufikia kupitia Kiarabu, nalo asili yake ni ya Kigiriki, kwa hiyo leo nalirudisha kwao, pamoja na swali ambalo halijaniacha tangu nilipoanza kusoma jiolojia: jiwe la hekalu lililojengwa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita hujulikanaje lilitoka mlima gani?

Zamani wataalamu walitegemea macho. Marumaru ya Penteli, mlima ulio kilomita 16 hivi kutoka katikati ya Athens, ndiyo iliyojenga Parthenon, hekalu maarufu la mji huo, kuanzia mwaka 447 KK. Chembe zake ni ndogo, na chuma kidogo kilichomo huipa rangi ya dhahabu inapozeeka hewani. Ya kisiwa cha Naxos ina chembe kubwa kama chumvi ya mawe. Ya kisiwa cha Paros iko kati ya hizo mbili, na ile iliyosifiwa kuliko zote, lychnites, ilichimbwa chini ya ardhi kwa mwanga wa taa, na taa hizo ndizo zilizoipa jina. Lakini jua na mvua ya karne nyingi hubadilisha uso wa jiwe, na mwenye hamu ya kuona Paros ataiona popote.

Mwaka 1972 watafiti Harmon Craig na Valerie Craig walionyesha njia nyingine. Unga kidogo wa jiwe, wa kupimwa kwa miligramu, hutiwa asidi ya fosforasi, ukatoa gesi ya kaboni dioksidi, kisha mashine hupima uwiano wa atomi nzito na nyepesi za kaboni na oksijeni, na matokeo hulinganishwa na ya mawe yaliyookotwa machimboni kwenyewe. Lychnites hujitenga waziwazi, kwa kuwa ina kaboni nzito zaidi kuliko Penteli. Machimbo mengine, hata hivyo, vipimo vyake huingiliana, na hapo mtafiti hulazimika kurudi kwenye hadubini kupima chembe, kazi ambayo Lepsius, mwanajiolojia Mjerumani, aliifanya tangu mwaka 1890. Nakiri kwamba jambo hilo hunifurahisha: mashine haikumstaafisha mzee.

Mfano ninaoupenda ni hekalu la Hephaistos, hapo hapo Athens. Nguzo zake ni za Penteli, ilhali michongo yake ni ya marumaru ya Paros. Mlima ulikuwa mlangoni pao, lakini kwa ajili ya wachongaji mawe yalipakiwa merikebuni, yakavushwa bahari.