Sahihi ni jina au mchoro?

Nimetoka ofisi ya kata sasa hivi. Niko kwenye daladala, acha niandike kabla sijashuka.

Nilimsindikiza kijana mmoja wa mtaani kwetu Mbagala na wenzake wanne. Wanaomba ule mkopo wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba. Wanataka mashine ya kuoshea pikipiki, basi.

Mwaka 2022, enzi zile za panya road, yale magenge ya vijana waporaji, huyu kijana alibebwa kwenye msako. Kosa lake kukaa kijiweni. Akarudi baada ya siku tatu, mtaa umeshamhukumu. Hata mimi (ndiyo, mimi) nilikuwa nabana pochi kwapani akipita.

Leo afisa maendeleo ya jamii kamsogezea katiba ya kikundi. Yeye ndiye katibu.

Akashika kalamu, akaniinamia:

"Dada, sahihi ni jina au mchoro?"

Ana miaka 24. Mara ya mwisho jina lake kuandikwa mezani kwa serikali, ilikuwa kituoni.

Akaandika majina yote matatu, herufi mojamoja, yakavuka mstari mpaka kwenye nafasi ya mhuri. Afisa akacheka: "Acha hivyohivyo."

Pesa itatoka lini? Tumeambiwa tusubiri simu.

Wenye vikundi vilivyopata, mlisubiri muda gani? Na mashine nzuri nazipata wapi, Kariakoo mtaa gani?